Moto wa Nyika Una Wakati Wake

Kila ifikapo miezi ya Februari na Machi, kaskazi ikiwa imeikausha nchi mpaka nyasi zinavunjika chini ya nyayo, redio na magazeti huturudishia hotuba ileile: moto ni adui, mwenye kuwasha moto ni adui wa taifa, na atakayekamatwa atakiona kilichomtoa kanga manyoya. Sina ugomvi na nia ya hotuba hiyo. Mwenye shamba la mikorosho lililoteketea mchana mmoja hahitaji kufundishwa ubaya wa moto. Hata hivyo, ndugu msomaji, nasema kwamba hotuba hiyo ni nusu ya maneno, na nusu ya maneno aghalabu hudhuru kuliko uongo mzima, kwa kuwa uongo hutiliwa shaka na nusu ya ukweli huaminiwa.

Nyika yetu haikuumbwa mbali na moto. Imelelewa nao. Radi imekuwa ikiiwasha tangu kabla ya mwanadamu, na mwanadamu wa Afrika amekuwa akiiwasha kwa mkono wake kwa maelfu ya miaka. Ukikusanya nchi zote duniani zinazopitiwa na moto kwa mwaka mmoja, zaidi ya nusu utaikuta katika bara hili letu, na sehemu kubwa ni mbuga na nyika za nyasi. Kama moto ungalikuwa adui tu, basi mbuga hizo zingalikuwa majangwa zamani. Badala yake ndizo zinazolisha nyumbu, punda milia, na ng'ombe wa Wamasai na Waorma.

Kwa hiyo kinachotudhuru ni vitu viwili. Cha kwanza ni moto wa mtu asiyejua wakati wala mahali. Cha pili ni marufuku ya mtu asiyejua tofauti baina ya moto na moto. Moto wa mjinga huunguza msimu mmoja. Marufuku ya mjinga hukusanya kuni za moto wa miaka ijayo, na katika kuzikusanya huwanyamazisha wazee waliokuwa wakijua.

Tuanze na lugha, maana lugha ni kumbukumbu ya watu. Kiswahili hakikuridhika na neno moja juu ya kazi ya moto. Mtu hukoka moto jikoni, huuchochea ukifa, huchoma mihogo, akizubaa akaunguza wali, jua likali humbabua mvuvi, na nyumba ikishika huteketea. Mkulima wa pwani akishalima hukusanya magugu na vijiti akafanya biwi, kisha biwi likachomwa mahali pake, kwa saa yake. Kijinga kilichowaka nusu tunakiita kinga, na tunatofautisha makaa na majivu, na cheche na ulimi wa moto. Watu waliokuwa na maneno mengi kiasi hicho hawakuwa watu wa kucheza na viberiti. Walikuwa wakijua kuwa kuchoma si kuteketeza. Tazama sasa jinsi matangazo yetu yalivyoyatupa maneno yote hayo, yakabakisha moja tu: kuteketeza.

Tofauti hiyo ya maneno inayo asili yake katika ardhi yenyewe. Nyasi si kama mti. Mti huota kwa ncha, juu, na ukikatwa kichwa umepata msiba. Nyasi huchipuka kutoka shinani, palipo karibu na udongo au ndani yake, na udongo ni kinga njema dhidi ya joto: moto wa nyasi ukipita mbio juu ya ardhi, vidole vichache chini yake mizizi haipati habari. Kinachoungua ni majani ya mwaka jana, makavu, magumu, ambayo mnyama hayataki na ambayo yamelizuia jua lisifike chini. Yakishaondoka, na unyevu ukiwamo ardhini, baada ya siku chache hutokea majani mabichi mororo. Kila mfugaji anajua, na kila mwindaji wa zamani alijua, kuwa wanyama huyafuata majani hayo.

Mambo hubadilika kwa wakati. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi zina kijani kidogo ndani yake, umande ni mzito, upepo haujashika nguvu. Moto wa siku hizo ni mpole: miali yake ni mifupi, hula huku ukiruka kule, na jioni ukishuka umande hufa wenyewe. Hula vipande vipande, nchi ikabaki na madoa, pengine pamechomwa pengine hapakuchomwa, na palipochomwa huwa mpaka wa kuuzuia moto mwingine usipite. Mwishoni mwa kiangazi nyasi zote ni kavu, majani ya miti yamepukutika, upepo unavuma na jua linawaka. Moto wa siku hizo hupanda. Huua miche yote isiyofikia urefu wa mtu mara mbili, huingia katika nyufa za magamba ya miti mikubwa, na haujui mto wala barabara.

Nilipokuwa mtoto wa chuo, mjomba wangu mmoja wa Kidigo, marehemu sasa, alikuwa na kawaida yake ya kuchoma nyasi za nyuma ya shamba. Hakuchoma kabla ya Laasiri. Alifyeka kwanza ukanda wa pande zote, akaufagia mpaka udongo ukaonekana, akawaita majirani na matawi mabichi mikononi, akalowesha kidole akakiinua kuujua upepo, kisha akauwasha moto upande ule unaoelekewa na upepo, ili moto uende ukipingana nao, polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Magharibi ikiingia kazi imekwisha na umande umeanza kushuka. Hakusoma katika chuo kikuu chochote. Lakini nimekuja kusoma baadaye kwamba wataalamu wa moto, waliosomea kazi hiyo miaka mingi, hufanya mambo yaleyale: hupima unyevu, hupima upepo, hufyeka ukanda, na huuwasha moto uende kinyume cha upepo pale wanapotaka uwe mpole.

Pengine msomaji atasema hayo ni masimulizi ya wazee. Basi tuchukue jaribio la wataalamu wenyewe. Kusini ya Tanzania mpaka Zambia umetanda msitu mmoja mkubwa wa miombo, na mwaka 1933, karibu na Ndola katika nchi iliyokuwa ikiitwa Northern Rhodesia, maofisa wa serikali ya kikoloni walitenga viwanja vya msitu huo. Kimoja walikichoma kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi. Cha pili walikichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Cha tatu hawakukichoma kabisa. Mwaka 1959, mtaalamu aitwaye Trapnell alitoa matokeo ya miaka yote hiyo. Kile cha moto wa kuchelewa kilikuwa kimegeuka majani matupu yenye miti ya kuhesabika. Kile kisichochomwa kilikuwa kimefunga, kikawa kichaka kizito, nyasi zimekufa chini yake. Kile cha moto wa mapema kilibaki msitu wa miombo, miti juu na nyasi chini, kama walivyoukuta.

Ardhi ni ileile, mvua ni ileile, kiberiti ni kilekile. Kilichotofautiana ni mwezi. Mimi ni mtunzi wa mashairi kabla ya kuwa mwandishi wa habari, na niliposoma habari za viwanja hivyo vitatu nilijiandikia ubeti huu:

Moto mwema wa mapema, hupita chini ya mti,
Mizizi hukaa njema, ikangojea wakati,
Wa kuchelewa huvuma, haujui tofauti,
Mwisho jivu na lawama, na nchi isiyo miti.

Ajabu yake ni kwamba serikali zilezile za kikoloni zilizofanya jaribio la Ndola ndizo zilizotunga sheria za moto wa nyasi katika makoloni yao, zikaweka masharti na adhabu, na kuwaandika wenyeji katika vitabu vyao kuwa waharibifu. Mtaalamu alikuwa akisema mapema ni bora. Askari alikuwa akisema hapana kabisa. Na aliyesikilizwa na mwanakijiji ni askari, maana ndiye mwenye pingu. Matokeo yake yakawa ya kusikitisha. Mtu aliyekuwa akichoma mchana mbele ya majirani, mwezi unaofaa, akaacha kwa hofu. Nyasi zikalundikana. Na mwenye haja ya moto, mathalan mrina asali au mwindaji wa kuiba, akawa anawasha kwa siri, mwishoni mwa kiangazi, kisha anakimbia bila kuuzima, kwa sababu kuusimamia moto ni kujionyesha. Sheria ilikusudia kuuondoa moto. Ikauondoa moto unaosimamiwa na kuuacha ule usio na mwenyewe.

Tusidhani kuwa hayo yalitupata sisi tu. Marekani, nchi yenye fedha na ndege za kumwagia moto maji, imelipa kwa kosa hilo zaidi ya sisi. Mnamo Agosti 1910 moto uliunguza takriban ekari milioni 3 katika majimbo ya Idaho na Montana kwa siku mbili, na watu wasiopungua 85 wakafa. Kwa hofu ya msiba ule wakubwa wa misitu wakaapa kuupiga vita moto wote, na mwaka 1935 ikatoka amri kwamba kila moto utakaoonekana sharti uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Wenyeji wa asili wa California, waliokuwa wakichoma misitu yao kwa utaratibu tangu mababu, wakakatazwa. Miaka ikapita, kuni zikajaa chini ya miti. Kisha wataalamu wakagundua kuwa ile miti mikubwa kabisa iitwayo sekoya, inayoishi zaidi ya miaka 2,000, inahitaji moto ili matunda yake yafunguke kwa joto na mbegu zipate udongo mtupu wa kuotea. Tangu mwaka 1968 wameanza kuchoma wenyewe kwa kiasi katika mbuga zao, lakini deni la kuni lilikuwa limeshakuwa kubwa. Moto mmoja wa mwaka 2020 unakisiwa uliua baina ya asilimia 10 na 14 ya miti mikubwa yote ya sekoya iliyoko katika makao yake ya asili. Miti hiyo ilikuwa imepitiwa na moto mdogo mara nyingi katika umri wake bila ya kufa. Iliyouawa, iliuawa na moto mkubwa uliolishwa na miaka ya marufuku.

Turudi kwetu, na tuitazame Serengeti, kwani inatufundisha jambo jingine: moto na mdomo wa mnyama hugombea chakula kimoja. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 ikawafagia ng'ombe na nyumbu. Nyasi zikakosa mlaji, zikaliwa na moto. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, maradhi yakatoweka kwa nyumbu kufikia miaka ya mwanzo ya 1960, na nyumbu waliokuwa kiasi cha 250,000 wakapanda mpaka zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walipozidi nyumbu, nyasi zikapungua. Nyasi zilipopungua, moto ukapungua. Na moto ulipopungua, miti michanga iliyokuwa ikiunguzwa kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Hapana aliyetoa amri. Basi mwenye kutaka kuutawala moto na aulize kwanza ni nani anayekula nyasi. Unapowafukuza ng'ombe katika nchi ya nyasi na papo hapo ukakataza moto, umekaribisha moto mkubwa kwa mikono miwili.

Hapa lazima niweke mpaka, nisije nikasomwa na mtu mwenye kiberiti mfukoni akadhani nimempa ruhusa. Ziko nchi ambazo moto hauna kazi ndani yake hata siku moja. Misitu ya kaya za Mijikenda, kuanzia Kinondo mpaka Rabai na Fungo, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika Urithi wa Dunia, haikulelewa na moto. Miti yake ina magamba membamba, kivuli chake kizito, udongo wake wenye unyevu. Wazee wa kaya walikataza hata kuokota kuni ndani yake, na katika katazo lile mlikuwa na elimu. Moto ukishaingia ukingoni mwa msitu wa namna ile, miti hufa, jua hupata mlango, nyasi huingia, na nyasi hizo huleta moto wa mwaka ujao unaosogea hatua moja zaidi. Ni kama maji katika ufa wa chombo: hayaulizi ubao ni wa thamani gani.

Mlima Kilimanjaro ni ushahidi mkubwa zaidi. Mnamo Oktoba 2020 moto ulidumu siku kadhaa mlimani na kuunguza kiasi cha kilomita za mraba 95. Si mara ya kwanza. Kwa miongo kadhaa moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu, na ule msitu wa juu ndio uliokuwa ukiyakamata mawingu na ukungu na kuyageuza maji. Watu husema habari ya theluji ya Kilimanjaro kwa kuwa theluji inaonekana katika picha. Lakini aliyechunguza anajua kuwa msitu huo ukipotea, maji yanayopotea pamoja nao ni mengi kuliko ya theluji. Basi ni moto uleule, lakini bondeni katika nyasi ni ufagio, na mlimani katika ukungu ni mwizi wa maji.

Nami mtu wa pwani nasema hayo kwa sababu tunayo Shimba Hills. Vilima vile vya Kwale vilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu kubwa ikafanywa hifadhi ya wanyama. Ndani yake ziko nchi mbili katika moja: msitu mzito unaotunza maji, na uwanda wa nyasi ulio wazi. Katika nyasi zile ndimo anamoishi palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, na hapana pahali pengine katika Kenya nzima utakapomkuta porini. Wamebaki wachache. Palahala hula nyasi, na hupenda nyasi changa. Ukizuia moto kabisa katika uwanda wake, vichaka vitaingia, msitu utafuata, naye hatakuwa na pa kulisha. Ukiuachia moto holela, utauingia msitu, na katika msitu ule ziko chemchemi za Marere, ambazo maji yake hushuka kwa mabomba mpaka majumbani Mombasa. Kwa maneno mengine, mtu wa Majengo au Kisauni anapofungua mfereji wake, ana haki ya kuuliza: kule juu, ni nani anayejua wapi pachomwe, lini, na wapi pasiguswe?

Wenye hifadhi wanajua jambo hili, na nyasi za Shimba zimewahi kuchomwa kwa mpango kwa ajili ya palahala. Nawapongeza kwa hilo. Ninachouliza ni kwa nini mpango huo ubaki kati ya ofisi na ofisi, ilhali ng'ambo ya ua wapo wazee wa Kidigo na wa Kiduruma ambao babu zao walizijua nyasi zile kabla ya kuwapo ofisi. Kuwaita wazee kucheza ngoma siku ya sherehe, kisha kutowauliza siku ya kazi, si heshima.

Yako mahali pengine ambapo wameulizwa. Katika wilaya ya Kilwa, vijiji kadhaa vimepewa misitu yao wenyewe kuisimamia, kwa msaada wa shirika liitwalo Mpingo Conservation and Development Initiative, na mwaka 2009 vijiji vya kwanza vikapata hati ya kimataifa ya FSC kuwa mbao zao zinavunwa kwa uangalifu. Mti wao wa thamani ni mpingo, unaotengenezewa ala za muziki za Wazungu kama klarineti, na unaochongwa na Wamakonde. Mpingo mkubwa huvumilia moto, ila mche wake hufa, na moto mkali huuoza moyo wa mti. Kwa hiyo wanakijiji hao wamefanya kazi ya kuchoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi, ili kuuzuia moto wa Septemba na Oktoba. Na katika nchi ya Arnhem Land, kaskazini ya Australia, mwaka 2006 ulianzishwa mradi katika eneo la kilomita za mraba 28,000, ambapo wenyeji wa asili wamerudi kuchoma nchi yao kwa desturi ya wazee wao, mapema na vipande vipande. Kampuni ya gesi ya Darwin iliingia mkataba wa kuwalipa, kwa sababu moto wa mapema hutoa moshi mchache kuliko moto wa kuchelewa, na moshi mchache ni faida kwa hewa ya ulimwengu. Vijana wamepata mishahara kwa elimu ya babu zao, elimu ambayo zamani waliadhibiwa kwayo.

Nayasikia majibu ya ndugu zangu wa idara. Watasema: wewe mtunzi unakaa mjini, hujui tunayoyaona. Ukimruhusu mmoja achome kwa elimu, kumi watachoma kwa ujinga. Mchoma makaa atajificha nyuma ya mzee. Na hali ya hewa imebadilika, mvua za vuli hazina ahadi tena, mzee atauhesabu mwezi nao mwezi umemkimbia. Ni majibu mazito na siyapuuzi. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwani elimu ya misimu ni elimu ya misimu iliyokuwapo. Lakini haitoki ndani yake hukumu ya kuitupa elimu hiyo. Inatoka hukumu ya kuiunganisha na kipimo cha mvua na cha upepo, ili mzee aseme alama anazozijua, na mwenye chombo aseme namba zake, na wote wawili wakubaliane kabla kiberiti hakijawashwa. Ama la wajinga kumi, wapo tayari hivi sasa, na wanachoma. Marufuku haikuwazuia. Iliyemzuia ni yule mmoja mwenye elimu, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa kuogopa kuvunja sheria.

Basi ninayoyataka si mageuzi makubwa, na mengine hayahitaji hata sheria mpya. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila ya kibali. Ina maana kibali kinaweza kutolewa. Na sheria hiyohiyo inavitambua vyama vya jamii vya kutunza misitu. Basi kila chama cha namna hiyo hapa pwani, katika mpango wake wa kazi, kiwe na sura moja inayoitwa kwa jina lake, Moto, na ndani yake iandikwe: hapa ni nyasi, patachomwa baada ya miaka kadha, mwezi fulani, baada ya Laasiri, mbele ya watu fulani, na hapa ni kaya, au chemchemi, au mikoko, hapaguswi, na ukanda utafyekwa kuzunguka. Ramani hiyo ichorwe na wazee pamoja na maofisa, na ibandikwe msikitini, shuleni na kwa chifu, kila mtu aione.

La pili, yaandikwe maneno ya wazee. Kila kabila la pwani lina majina yake ya nyasi, ya upepo, ya aina za moto, na alama za kujua kuwa siku imefaa: ndege fulani ameanza kulia, ua fulani limechanua. Maneno hayo hayamo katika kamusi zetu. Wenye kuyajua wanazikwa mmoja mmoja kila mwaka, na kila jeneza hupita na kurasa zake. Wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wanaotafuta jambo la kuandika tasnifu wasiende mbali. Wapande matatu mpaka Kwale na Kinango, wakae chini ya mwembe wasikilize.

La tatu ni letu sisi waandishi. Tuache kuandika kila mwaka kwamba moto ni adui, kana kwamba tumemaliza. Tuulize moto ule ulikuwa wapi, mwezi gani, nani aliukimbia na kwa nini aliogopa kuusimamia.

Sisi tuliosoma chuoni tumefunzwa mizani ya jambo hili tangu utotoni. Katika Sura ya Al-Waqia moto umetajwa kuwa ni ukumbusho, na papo hapo ukatajwa kuwa ni manufaa. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliagiza moto uzimwe nyumbani kabla ya watu kulala. Neema ile ile iliyotajwa kwa manufaa ndiyo iliyoagizwa isiachwe peke yake usiku. Haikuharamishwa jikoni kwa sababu inaunguza nyumba, wala haikuachwa iwake bila ya mtu macho. Hiyo ndiyo adabu ya moto, na adabu hiyo inatosha kwa nyika kama inavyotosha kwa jiko.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nao pia hautulii ila kwa mkono na mkono: mzee mwenye alama zake, na ofisa mwenye vipimo vyake, kila mmoja ameshika tawi bichi, jua likielekea Magharibi na umande ukikaribia. Kaskazi haitamngoja mmoja wao amalize kumdharau mwenziwe.